Mbwa Mzee Hapimwi kwa Mkia: Staa, Muulize Anayemlisha

Wiki hii gumzo mitandaoni halikuwa ndoa wala ngoma mpya. Gumzo lilikuwa mbwa. Staa mmoja wa kike wa filamu za Bongo, yule ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipiga picha na jibwa lake aina ya German Shepherd, aliposti video fupi ya mbwa huyo akijikokota kutoka bandani hadi getini kumpokea. Miguu ya nyuma inaburuzika, mgongo umepinda, jicho moja limezibwa na mtoto wa jicho. Lakini mkia unatikisika. Chini ya video staa akaandika kwamba mzee wake ana miaka 13, bado yuko fiti, bado anamjua mama yake, na hatamwacha mpaka Mungu mwenyewe amchukue.

Komenti zikamiminika. Kambi ya kwanza ikalia naye: "Mpe muda dada, kuugua si kufa." Kambi ya pili ikashangaa: watu wanakosa dawa hospitalini, mtu mzima analilia mbwa! Kambi ya tatu, ile isiyokosekana, ikasema ni kiki tu, kuna filamu inatoka mwezi ujao.

Kambi zote tatu zilimwangalia staa. Wachache mno waliuliza swali lenye maana: nani anakaa na huyu mbwa usiku?

Dakika tano za getini

Maisha ya staa yanajulikana. Leo yuko Mwanza kwenye shoo, kesho Nairobi kwenye mahojiano, keshokutwa location kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Nyumbani anarudi kuoga na kulala. Akipiga honi, geti linafunguliwa, na mbwa anakuja. Hizo dakika tano ndizo anazoziona yeye, na ndizo zinazoingia kwenye simu na kuwafikia mashabiki. Kwa dakika tano hizo, ni kweli, mbwa yuko fiti.

Saa zilizobaki anaziona mtu mwingine. Anaziona kijana wa kazi anayepika ugali wa dona na dagaa, akauweka kwenye sufuria kuukuu, kisha akaukuta jioni umejaa sisimizi. Anaziona mlinzi anayesikia mbwa akihema kwa shida saa tisa usiku. Anaziona anayeinua kiuno cha mbwa kwa kanga kuukuu ili akajisaidie, na siku akichelewa, anayefua na kusugua sakafu kwa sabuni ya unga. Yeye ndiye anayeona vidonda vya kulalia kwenye nyonga, na inzi waliokwisha kuvizoea vile vidonda. Na kidonda kikishazoewa na inzi, funza hawako mbali.

Sasa tatizo ni hili: huyo mtu hasemi. Atamwambiaje bosi wake kwamba "mtoto" wake anateseka? Akisema, ataonekana mvivu, amechoka kumsafisha mbwa. Akisema zaidi, ataambiwa ana roho mbaya, anataka mbwa afe. Kazi yenyewe ya kubahatisha, mshahara wenyewe ni ule ule, kwa nini ajitafutie balaa? Basi ananyamaza. Mbwa hana mdomo, na mwenye mdomo anaogopa kuutumia. Katikati yao anateseka mzee wa miaka 13.

Mkia si cheti cha afya

Wadau wengi wanaamini kwamba mbwa akiwa na maumivu atalia. Si lazima. Mbwa huficha maumivu, na maumivu ya kudumu hayana kelele. Yanaonekana kwa vitu vidogo: anahema hata kukiwa na baridi, anabadilisha mlalo kila baada ya dakika chache, analamba sehemu moja mpaka manyoya yanatoka, anaacha kupanda ngazi mbili alizokuwa akizipanda kila siku, anajitenga na watoto aliokuwa akiwafuata. Mwingine anakuwa mkali ghafla, watu wanasema amekuwa na hila, kumbe akiguswa mgongoni anaumia.

Mkia kutikisika maana yake ni furaha ya kumwona mwenye nyumba. Basi. Haisemi chochote kuhusu figo, wala nyonga, wala uvimbe ulio tumboni. Bibi mgonjwa akitembelewa na mjukuu kutoka mjini, naye hujikaza akae, atabasamu, aulize habari za shule. Mjukuu akiondoka analala siku mbili. Hakuna anayesema bibi amepona kwa sababu alitabasamu.

Tena mbwa mkubwa hazeeki kama mbwa mdogo. Vijibwa vidogo vya kubebwa mkononi hufika miaka 14 au 15 bila ajabu. German Shepherd akifika 13 ameshakula chumvi nyingi. Wengi wao huondoka kabla ya hapo, na ni aina inayojulikana kwa ugonjwa wa nyonga. Kwa hiyo huyo mzee wa kwenye video amekwisha kutimiza sehemu yake, amelinda geti miaka yote hiyo. Asante ya punda ni mateke, lakini hapa mateke yanaelekea kutolewa na binadamu.

Yule aliyetukanwa

Wadau wenye kumbukumbu nzuri hawajasahau kisa cha mchezaji mmoja wa zamani wa soka, beki aliyewahi kuvaa jezi ya timu ya taifa. Naye alikuwa na mbwa mzee. Siku moja alisema wazi redioni kwamba amemwita daktari wa mifugo nyumbani na mbwa wake amechomwa sindano ya mwisho. Alichokipata, Mungu ndiye anajua. Aliitwa muuaji. Aliambiwa kwamba na yeye akizeeka wanawe wamfanyie hivyo hivyo.

Watu walishika neno "sindano", hawakusikiliza mengine. Beki yule alieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa haoni tatizo, maana kila akirudi mbwa alimkimbilia. Mpaka jioni moja alipokaa nje na mlinzi wake, mzee wa makamo aliyeishi na yule mbwa miaka tisa, akamuuliza: "Babu, huyu unamwonaje?" Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, huyu usiku halali. Analia kidogo kidogo mpaka alfajiri. Akisikia gari lako ananyamaza."

Huo ndio ulikuwa uamuzi wenyewe. Sindano ilikuja baada ya wiki mbili, baada ya daktari kumpima, kujaribu dawa, na kuona hazifui dafu. Lakini uamuzi ulifanyika pale nje, kwa sababu bosi aliuliza na mlinzi akaruhusiwa kujibu. Watu walimtukana mtu pekee kati ya mastaa wafugaji aliyefanya jambo hili kwa mpangilio.

Wangapi wengine wanafanya vibaya kimya kimya? Kuna wanaompa kijana wa kazi elfu kumi na kumwambia "kamtafutie pa kumwacha", na mbwa anaishia dampo. Kuna wanaonunua sumu ya panya. Kuna wanaohama nyumba na kumwacha mzee amefungwa mnyororo, wakitegemea jirani atamwonea huruma. Hao hakuna anayewatukana, kwa sababu hawakuposti. Na mara nyingi hao ndio waliomnunua kwa bei mbaya akiwa mtoto, kwa ajili ya picha.

"Mungu ndiye anayejua siku yake"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye zile komenti, na haifai kudharauliwa. Watu wengi, Waislamu kwa Wakristo, wanasikia vibaya mtu kukatisha uhai kwa makusudi, hata wa mnyama asiyeliwa. Ni hofu nzuri. Ndiyo inayowazuia watu kuua ovyo.

Lakini dini hizo hizo zimeweka mzigo upande wa pili. Waislamu wanakijua kisa cha mtu aliyesamehewa kwa sababu alimteremkia kisimani mbwa mwenye kiu akamnywesha. Na hii ni katika dini ambayo mbwa ana masharti yake na mate yake yana hukumu yake. Kitabu cha Mithali nacho kinamtambua mtu mwema kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Huruma imeagizwa, na huruma haina maana ya kusubiri tu.

Halafu tuseme ukweli: mbwa huyu hakufika miaka 13 hivi hivi. Alichanjwa kichaa cha mbwa. Alipewa dawa za minyoo, akaogeshwa dawa ya kupe, akatibiwa kila alipoumwa. Binadamu ameingiza mkono wake katika kila hatua ya maisha ya mnyama huyu, toka alipochukuliwa kwa mama yake. Hawezi kuuficha mfukoni siku mambo yanapokuwa magumu na kusema hili sasa halinihusu. Tanzania yenyewe ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Kufuga ni dhamana, na dhamana ina mwanzo na mwisho.

Na wale wa "watu wanakosa dawa, wewe unalilia mbwa"? Kweli wanakosa. Lakini anayemwacha mbwa wake aoze vidonda haongezi hata kidonge kimoja hospitalini. Huruma si mchele, kwamba ukimpimia huyu yule atapungukiwa.

Kabla ya kuaga, tibu

Hapa pia kuna wanaokimbilia upande wa pili. Mbwa amelala siku mbili, tayari wanasema amezeeka, amalizwe. Hapana. Mambo mengi yanayoonekana kuwa uzee ni ugonjwa unaotibika. Homa inayoletwa na kupe humlaza mbwa kabisa, na akipata dawa sahihi mapema anainuka. Meno mabovu humfanya akatae chakula wakati njaa anayo. Maumivu ya viungo yana dawa zake maalumu za mbwa, na kupunguza uzito peke yake husaidia. Kipofu anaishi vizuri tu kama hamhamishi vyombo kila siku, maana nyumba anaijua kwa pua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daktari wa mifugo. Mijini wapo wenye kliniki na wanaokuja nyumbani. Mikoani pa kuanzia ni kwa afisa mifugo wa kata au wilaya. Na jamani, dawa za binadamu ziacheni kabatini. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na panadol nayo si salama kumpa kwa kukisia. Wengi wamemmaliza mzee wao wakidhani wanamtuliza.

Swali la kuaga linakuja pale daktari anaposema tatizo halina tiba, na dawa za kupunguza maumivu hazitoshi tena.

Kipimo kipo, na kalenda ipo

Dokta Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani anayeshughulika na saratani, aliweka kipimo rahisi ambacho sasa kinatumiwa na madaktari sehemu nyingi. Kina mambo saba: maumivu na kupumua, kula, kunywa maji, usafi, furaha, kutembea, na mwisho, je, siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya? Kila jambo linapewa alama toka 0 hadi 10, na 10 ndiyo hali nzuri kabisa. Jumla ni 70. Ikizidi 35, kuna maisha ya kuendeleza kwa matunzo. Ikishuka chini ya hapo, mazungumzo na daktari yabadilike.

Mdau asiyependa hesabu achukue kalenda ya ukutani, ile ya kugawiwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kila jioni weka alama. Kala, kanywa, katoka nje mwenyewe, kamfuata mtu? Siku nzuri. Kakataa chakula, kajichafua, kahema usiku kucha? Siku mbaya. Baada ya wiki mbili kalenda itasema yenyewe. Siku mbaya zikishazidi nzuri, na daktari hana kingine cha kujaribu, muda umefika.

Lakini sharti ni moja, na hapa ndipo mastaa wengi wataanguka mtihani: kalenu hiyo ishikwe na anayemlisha. Ukishika wewe unayemwona dakika tano za getini, kila siku itakuwa nzuri mpaka siku atakapokutwa amekufa kwenye mkojo wake. Mwite kijana wa kazi, mwambie kwa mdomo wako: "Andika unachokiona, sitakukasirikia, na hutapoteza kazi." Kisha ukisoma alizoandika, usibishe.

Siku yenyewe

Wengi wanaogopa kwa sababu hawajui kinachofanyika. Daktari kwanza humpa mbwa dawa ya kumtuliza, asinzie. Kisha humchoma kwenye mshipa dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa kupita kawaida, mara nyingi pentobabitoni. Fahamu zinapotea ndani ya sekunde, na moyo unasimama ndani ya dakika chache. Macho yanaweza kubaki wazi. Mwili unaweza kuvuta pumzi moja au mbili za mwisho au kutoa mkojo. Hayo si maumivu, mbwa hayupo tena.

Inawezekana kufanyika nyumbani, kwenye kivuli chake alichozoea, kichwa kikiwa mapajani mwa mtu wake. Na "mtu wake" hapo si lazima awe staa. Kama kijana wa kazi ndiye aliyemlisha miaka mitano, apewe nafasi akae upande wa kichwa. Naye anafiwa, ingawa hakuna atakayempa pole kwenye komenti.

Shimo lichimbwe refu. Dawa ile hubaki mwilini, na mbwa au mnyama mwingine akifukua akala, naye anaweza kufa. Watoto waambiwe ukweli kwa lugha yao: alikuwa mgonjwa, hakuweza kupona, daktari amemsaidia asiumie tena. Wasidanganywe kwamba amepelekwa shamba. Watoto wa siku hizi wataomba wapelekwe huko shamba, mtafanyaje?

Na siku ichaguliwe mapema kidogo, si baada ya usiku mbaya kuliko zote. Wafugaji wengi waliopitia haya wanasema kitu kile kile: hawajuti kuwahi, wanajuta kuchelewa. Anayesubiri mpaka awe na uhakika wa asilimia mia, uhakika huo analipiwa na mbwa.

Kwa hiyo, dada staa

Hakuna anayesema mapenzi yako ni ya uongo. Machozi yale kwenye video yalikuwa ya kweli, na kambi ya kiki imekukosea. Lakini maneno uliyoandika, kwamba hutamwacha, yana tafsiri mbili. Moja ni kutomwachia aende. Nyingine ni kutomwacha peke yake katika hali ile. Ya kwanza ni kwa ajili yako, ya pili ni kwa ajili yake.

Kesho usipige honi. Shuka mbali na geti, ingia kwa mguu kimya kimya, saa ambayo hakutegemei, uone anavyolala. Kisha nenda jikoni, umuulize yule kijana. Yeye jibu analo siku nyingi, amekosa tu wa kumuuliza.

Wadau, nyumbani kwenu nani anamlisha mbwa, na mara ya mwisho aliulizwa lini? Dondosheni hapo chini.